Kisiki, zabibu na uloto: tuzijue seli shina kabla hatujauza mbuzi



Wiki chache zilizopita mama mmoja alipiga simu kwenye kipindi cha asubuhi, akiwa kijijini kwake wilayani Chamwino. Ana mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye sikoseli. Jirani amemletea habari ya vipakiti vya unga unaokorogwa kwenye maji, unga ambao eti una "seli shina" za zabibu na epo. Ameambiwa mtoto akinywa kwa miezi mitatu, damu yake itajitengeneza upya. Boksi moja ni bei ya mbuzi wawili. Mama akaniuliza hivi: "Dada mtangazaji, hizo seli shina ni kitu gani? Na je, niuze?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema hayo ni mambo ya kitaalamu, amuulize daktari, nikaweka wimbo. Nilipotoka studio nikajisikia aibu, kwa sababu jina hilohilo la seli shina linatumika kwenye matibabu ya kweli yanayofanyika hapahapa Dodoma, kwa ugonjwa huohuo wa mtoto wake. La kweli na la uongo yanatembea na jina moja. Mwenye mbuzi ana haki ya kujua tofauti kabla hajafungua zizi. Kwa hiyo nimekaa, nimesoma, nimeuliza wanaojua, na hili ndilo jibu ambalo ningepaswa kumpa siku ile.

Tuanze na kisiki

Pita Kondoa, Mpwapwa, Kongwa au Chamwino wakati wa kiangazi. Utaona visiki vya miti iliyokatwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya mkaa au shamba. Mbuzi wamekula kila chipukizi, moto umepita, jembe limekata. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha, kisiki kinatoa machipukizi mapya. Yanatoka wapi, wakati mti ulishakatwa?

Mwili wa kiumbe chochote, uwe mti, ng'ombe au mtu, umejengwa kwa seli, vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Watu husema seli ni kama matofali ya nyumba, lakini mfano huo una kasoro. Matofali yote yanafanana, ila seli zimegawana kazi. Seli nyekundu ya damu inabeba hewa ya oksijeni. Seli ya msuli inavuta. Seli ya jani inatengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa jua. Na seli nyingi zikishashika kazi, ndiyo basi. Seli ya msuli haiamki asubuhi ikawa ya jicho.

Seli shina ni ile ambayo bado haijashika kazi. Ina uwezo wa mambo mawili. Kwanza inajigawa na kutoa nyingine kama yenyewe, ili akiba isiishe. Pili inatoa seli zinazokwenda kushika kazi na kuziba mapengo. Mimi naifananisha na mbegu ya mtama ambayo bibi zetu walikuwa wanaitundika juu ya moshi jikoni. Mtama mwingine wote unaliwa, lakini ile ya juu haiguswi, maana ndiyo itakayozaa shamba la mwakani na mbegu ya mwaka unaofuata. Nyumba iliyokula mbegu yake imekwisha hata kama ghala bado lina nafaka.

Kila mmoja wetu alianza kuwa seli moja tumboni mwa mama. Siku za mwanzo kabisa kila seli ingeweza kuwa kitu chochote: mfupa, ngozi, ubongo. Kadiri mimba inavyokua ndivyo seli zinavyochagua njia na milango mingine kufungwa. Mimea na wanyama wote hupita hapo. Tofauti yao inakuja baadaye.

Mmea unatunza akiba yake kila mahali

Mmea hauwezi kukimbia mbuzi wala moto. Kwa hiyo unatunza seli shina maisha yake yote, tena sehemu nyingi: kwenye ncha za mizizi, kwenye ncha za matawi, kwenye yale macho ya pembeni mwa shina, na kwenye utando mwembamba wenye utelezi ulio kati ya gamba na mti wenyewe. Kwenye kisiki, macho yaliyolala chini ya gamba yanaweza kukaa miaka yakisubiri. Ncha za juu zikiwepo, zinayakataza kuamka. Ncha zikikatwa, zuio linaondoka, nayo yanachipua.

Mkulima wa zabibu wa Makutupora, Hombolo au Mpunguzi anajua jambo hili kwa mikono yake kuliko mimi kwa maneno. Anapopogoa mzabibu anahesabu macho ya kuacha, kwa sababu matawi mapya yenye matunda yatatoka humo. Akipogoa kwa mpango, hali yetu ya hewa inamruhusu kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa, mwenye baridi yake kali, hawezi. Na akitaka shamba jipya hahitaji mbegu ya tunda. Anakata pingili, anaichomeka kwenye udongo wenye unyevu, na upande wa chini unaota mizizi. Seli zilizokuwa za shina zinageuka na kutoa mizizi. Muhogo unapandwa hivyohivyo.

Mwanasayansi Frederick Steward, akiwa Marekani mwaka 1958, alionyesha kwamba seli za mzizi wa karoti zikitunzwa kwenye maji yenye virutubisho zinaweza kukua hadi mmea mzima. Miche ya migomba inayokuzwa kwenye chupa maabara leo inatoka kwenye elimu hiyo.

Ule utando wa chini ya gamba ndio unaounenepesha mti mwaka hadi mwaka. Mti ukivuliwa gamba kuzunguka shina lote, umepoteza njia ya kushushia chakula pamoja na utando wenyewe ambao ungetengeneza njia mpya, na miti mingi hufa. Mbuyu ndio wa ajabu. Watu wanauvua gamba kwa ajili ya kamba na gamba linaota tena, kwa kuwa mwili wake umejaa seli hai zinazoweza kurudi kazini.

Mkoa wetu umeliona hili kwa ukubwa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kupambana na makorongo. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka. Kwa wafugaji ilikuwa amri chungu, na sitaki kuipamba. Lakini kilichofuata ni kwamba vichaka na miti vilirudi kwenye maeneo mapana ambayo hakuna mtu aliyepanda mche. Mizizi na visiki vilikuwa hai muda wote, vilikosa nafasi tu. Siku hizi shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi, kupitia kazi waliyoianza mkoani kwetu mwaka 2018, wanafundisha njia ya Kisiki Hai. Unachagua kisiki, unabakiza machipukizi machache yenye nguvu, mengine unayakata, unaweka alama, unalinda. Hakuna kumfukuza mtu na ng'ombe wake.

Mnyama anayo kidogo, tena imefichwa

Sisi tunaoweza kukimbia tumepunguziwa. Mtu mzima au mnyama mkubwa hana seli zinazoweza kuwa chochote. Anazo zile ambazo njia yake imeshafinywa: seli shina za ngozi zinatoa ngozi, za utumbo zinatoa utumbo. Nazo zinafanya kazi sana. Utando wa ndani wa utumbo wako unabadilishwa kila baada ya siku chache, na mkwaruzo wa mwiba mguuni unafunikwa na ngozi mpya. Lakini kidole kilichokatwa na panga hakiroti. Alama uliyomkata mbuzi sikioni utamtambua nayo hadi siku ya kuchinjwa.

Wapo waliojaliwa zaidi yetu. Mjusi anakata mkia ukabaki unachezacheza, kisha anaota mwingine, ingawa ule mpya hauna mifupa kama wa kwanza. Watafiti waliofanya kazi Kenya walitangaza mwaka 2012 kwamba wapo panya wenye manyoya ya miiba ambao wakichanika ngozi inarudi pamoja na vinyweleo vyake, na tundu la sikioni linajiziba kabisa. Mbuzi wangekuwa hivyo, wezi wangefurahi.

Akiba kubwa tunayoijua vizuri katika mwili wa mtu ni moja. Kila aliyekula supu ya mbuzi ameiona.

Uloto

Ukigonga mfupa wa mguu kwenye sahani kinatoka kile kitu laini ambacho watoto hugombania. Ndiyo uloto, wengine huuita uboho. Ule mweupe wa mguuni sehemu kubwa ni mafuta. Uloto mwekundu, wenye kazi, kwa mtu mzima uko zaidi kwenye nyonga, mbavu, kifua na pingili za mgongo. Humo ndimo zinakaa seli shina za damu.

Kazi yake ni kubwa mno. Seli nyekundu ya damu inaishi takribani siku 120 kisha inakufa, hivyo uloto hutengeneza kama seli nyekundu milioni mbili kila sekunde. Ulipoanza kusoma sentensi hii hadi hapa, mamilioni yameshazaliwa. Humohumo zinatoka seli nyeupe zinazopigana na magonjwa, na chembe sahani zinazogandisha damu ukijikata. Waliothibitisha kwamba seli ya aina hii ipo ni James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Kanada, kwa majaribio ya panya waliyoyatangaza mwaka 1961.

Sasa turudi kwa mtoto wa Chamwino. Sikoseli, au selimundu, imepata jina kwa sababu seli nyekundu zinapinda kama mundu. Zinakwama kwenye mishipa midogo, ndiyo yale maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku kucha, na zinakufa baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, ndiyo maana damu inapungua kila mara. Hajarogwa. Amerithi maelekezo yenye kosa kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe huwa wazima. Nchini kwetu inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

Kosa haliko kwenye damu yenyewe tu. Liko kwenye mbegu ya juu ya moshi. Unaweza kumwongezea mtoto damu leo, na kuna wakati inaokoa maisha, lakini uloto wake utaendelea kuzaa seli zilizopinda. Kuondoa ugonjwa kabisa maana yake ni kubadilisha hiyo mbegu.

Kinachofanyika Benjamin Mkapa

Mwaka 1984, huko Memphis, Marekani, ilitangazwa habari ya binti wa miaka minane aliyekuwa na saratani ya damu pamoja na selimundu. Alipandikizwa uloto wa ndugu yake kwa ajili ya saratani, na selimundu nayo ikaondoka. Tangu hapo dunia ikajua inawezekana. Kwetu, Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, ile ya jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu.

Nieleze kwa utaratibu, maana hapa ndipo penye hofu nyingi.

Kwanza anatafutwa ndugu wa kuchangia ambaye seli zake zinalingana na za mgonjwa. Hili si kundi la damu lile la A, B na O. Ni alama nyingine juu ya seli ambazo askari wa mwili huzitumia kumtambua mwenyeji na mgeni. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Usielewe kwamba ukiwa na watoto wanne wengine basi mmoja lazima alingane. Kila mmoja anaanza na bahati yake. Ndugu wa kuchangia baba tu, kama ilivyo kwenye nyumba zetu nyingi za wake wawili, kulingana kabisa ni nadra sana. Na huyo ndugu naye lazima apimwe asiwe na ugonjwa wenyewe. Akiwa amebeba kosa upande mmoja tu, kama wazazi, anaweza kuchangia.

Mchangiaji anapewa nusu kaputi, na uloto unavutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga. Nimesikia watu wakisema akitolewa atapooza. Wanachanganya uloto na uti wa mgongo. Uti wa mgongo ni mshipa mkuu wa fahamu na hakuna anayeugusa. Mchangiaji anabaki na maumivu ya nyonga kwa siku kadhaa, na uloto wake unajazana tena ndani ya wiki chache, kwa kuwa zile zilizobaki zinazaana.

Mgonjwa kazi yake ni nzito zaidi. Anapewa dawa kali za kufuta uloto wake wenye kosa, kama shamba linavyosafishwa kabla ya kupanda. Siku hizo hana kinga, ndiyo maana anatengwa kwenye chumba maalumu. Kisha seli za ndugu yake zinaingizwa kwa dripu, kama anavyoongezewa damu. Hakuna kupasua mifupa. Seli zenyewe zinatembea na damu mpaka ndani ya mifupa, zinakaa, na baada ya wiki mbili mpaka nne hivi zinaanza kutoa damu mpya.

Si mchezo, na yeyote anayekuambia haina hatari anakudanganya. Maambukizi yanaweza kumpata mtoto akiwa hana kinga. Seli ngeni zinaweza kuushambulia mwili wa mwenyeji. Dawa zile zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa baadaye. Kwa hiyo madaktari wanachagua nani anafaa, na matokeo mazuri zaidi huwa kwa watoto wenye ndugu aliyelingana. Wengi hawatampata ndugu huyo. Hao wanabaki na kliniki: vidonge vya foliki, chanjo, penisilini kwa wadogo, chandarua, maji mengi, nguo nzito kwenye baridi yetu ya Juni na Julai, na dawa ya haidroksiyurea ambayo hupunguza maumivu na hutolewa kwa uangalizi wa vipimo. Mambo haya hayana sifa kubwa, lakini yanawafikisha watoto utu uzima.

Uingereza mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, ziliruhusu tiba ambayo seli shina za mgonjwa mwenyewe zinatolewa, zinarekebishwa maabara na kurudishwa. Haihitaji ndugu. Bei yake Marekani inazidi dola milioni mbili, kwa hiyo tusiizungumze zaidi leo.

Na vile vipakiti?

Sasa unaweza kujijibu mwenyewe, ila niseme wazi. Seli ya mzabibu ina maelekezo ya kutengeneza mzabibu: jani, mzizi, tunda. Haina ukurasa wowote unaoeleza damu ya mtu. Ikikaushwa ikawa unga, imekufa. Ikiingia tumboni inameng'enywa kama ugali. Hata uloto halisi wa mbuzi kwenye supu unakuwa chakula tu, haupandi kwenda kwenye mifupa yako. Na umeona kwamba hata seli za binadamu mwenzako, zikiwa hai, mwili unazikataa zisipolingana na kuandaliwa njia. Kama seli za zabibu zingekuwa zinatengeneza damu, watoto wa Makutupora wasingeugua.

Wauzaji hawa huja na ushuhuda, fulani alikunywa akapona. Selimundu ina vipindi. Mtoto anaweza kukaa miezi mitatu bila maumivu makali kisha yakarudi, na miezi mitatu ndiyo hasa wanayokuambia unywe. Mimi naiona hiyo si bahati mbaya. Mwulize muuzaji kama bidhaa imesajiliwa kuwa dawa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na inatibu ugonjwa gani kwa mujibu wa usajili huo. Akisema "hii si dawa, ni lishe", basi mwulize kwa nini aliitaja sikoseli. Hatari kubwa kuliko fedha ni mtu kuacha kliniki kwa sababu ya unga.

Nilimpigia yule mama juzi, nje ya hewa. Mbuzi hajauza. Nilimweleza haya yote kwa kifupi, na kwamba aanzie hospitali ya wilaya aombe rufaa ya kliniki ya selimundu, aende na kadi zote za mtoto, na aulize kuhusu uloto bila kuona haya. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia ana watoto wengine watatu, ila mkubwa ni wa baba mwingine.

"Kwa hiyo wa kupimwa kwanza ni wale wawili?"

"Ndiyo, mama. Ni wale wawili."